Kurui, na Jina la Tarakimu Nane

Barua pepe iliyonipeleka Kurui kwa mara ya kwanza haikuandikwa kwangu. Alitumiwa kijana wa mjomba wa mke wangu, naye akanirushia picha yake WhatsApp usiku, na chini yake swali fupi: "Shemeji, vipi hii?" Ilimpongeza kwa kuchaguliwa kuwa mtunza stoo wa kampuni moja huko Ghuba. Mshahara mnono, malazi bure, tiketi ya ndege juu ya mwajiri. Kilichobaki upande wake ni ada ya viza na vipimo vya afya, Sh 380,000, ilipwe ndani ya siku tatu. Juu kabisa palikuwa na jina la kampuni kwa herufi kubwa nyeusi. Chini yake, kwa maandishi madogo ya kijivu ambayo wengi huyapita, palikuwa na anwani yenyewe ya mtumaji. Baada ya alama ya @ zilifuata tarakimu nane, nukta, na herufi tatu za Kiingereza. Basi.

Kazi yangu Dar es Salaam ni kutunza seva za barua pepe, na majina ya namna ile nakutana nayo kila siku kwenye orodha ya barua zilizozuiwa. Nilimpigia mjomba usiku uleule nikamwambia wasitume hata senti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mkwe, nimekusikia. Lakini na wale nao wamempigia kijana simu, na wanaongea kwa adabu. Njoo uongee naye uso kwa uso. Maneno ya simu hapa kwetu yamekuwa mengi." Mnunuzi wa mbuzi alikuwa ameshaitwa, ili ada ipatikane. Nikaona hakuna namna, lazima niende.

Kurui ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani. Kwenye karatasi iko jirani kabisa na Dar es Salaam, na wakazi wake wanaweza kukutajia ndugu zao walioko Gongo la Mboto, Buguruni na Mbagala bila kuvuta pumzi. Makao makuu ya mkoa wao, Kibaha, yako upande mwingine kabisa, kwenye Barabara ya Morogoro, kiasi kwamba mtu wa Kurui mwenye shida ya mkoani mara nyingi hupitia kwanza jijini. Mimi nilikuwa naisikia tu kwa wakwe zangu.

Niliondoka Jumamosi alfajiri. Kutoka Gongo la Mboto daladala inapanda vilima vya Pugu, na pale hewa inabadilika. Kushoto na kulia ni mabaki ya misitu ya pwani, Pugu na Kazimzumbwi, ambayo kila mwaka wakataji mkaa wanaitafuna pembeni. Pale pale Pugu ipo shule ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha kabla ya kuiacha kazi hiyo mwaka 1955 na kushika siasa moja kwa moja. Abiria wenzangu hawakutazama nje. Wengi walikuwa wameinamia simu. Dada mmoja mbele yangu alikuwa akifuta ujumbe mmoja mmoja kwa kidole gumba, na hata bila kutaka kuchungulia niliuona mstari ambao kila Mtanzania anaujua kwa moyo: ile hela nitumie kwenye namba hii. Aliufuta bila kuusoma, kama mtu anayefukuza inzi.

Stendi ya Kisarawe nilikunywa chai kwa muhogo wa kukaanga, nikaanza kuulizia. Hakuna aliyemjua mjomba. Muuza chai hakumjua, wala mpiga debe. Lakini wote walijua Kurui ni ya magari ya upande wa Maneromango, wakanionyesha gari. Ndani ya gari konda naye hakumjua mjomba, ila aliijua Kurui, na alijua wapi pa kunishusha. Niliposhuka, kijana wa bodaboda hakuniuliza hata nyumba gani. Nilitaja jina tu, akasema, "Yule mzee mwenye mikorosho karibu na msikiti? Panda."

Nikiwa nyuma ya ile pikipiki, na vumbi jekundu likipanda mpaka magotini, niliona kwamba safari yangu ilikuwa imekwenda hatua kwa hatua sawasawa na kompyuta inapotafuta jina. Mtu akiandika kisarawedc.go.tz, ambayo ni anwani ya halmashauri ya wilaya ile, mashine haianzi na Kisarawe. Inaanzia mwisho, kulia. Inauliza kwanza seva za mzizi, zile zenye majina 13 yaliyopewa herufi kuanzia A hadi M: nani anaijua tz? Mzizi haujui Kisarawe ni nini, lakini unajua nani mwenye tz, unaielekeza huko. Kwa tz inauliza habari za go. Huko nako inaelekezwa mpaka kwa anayeijua kisarawedc, naye ndiye anayetoa namba ya mashine yenyewe. Kila anayeulizwa anajua hatua moja tu inayofuata, na hiyo inatosha. Nilikuwa nimetafuta njia ya kumweleza kijana jambo hili tangu Dar es Salaam. Barabara ikanipa.

Njia yenyewe ni nzuri kwa macho. Mikorosho imetanda pande zote, matawi yake yakigusa ardhi, minazi michache, michungwa nyuma ya nyumba. Tulipishana na baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa marefu kuliko waendeshaji wake, zikisukumwa kwa miguu kwenye mchanga. Na juu ya mikorosho, mara kwa mara, mnara wa simu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukitoa ruzuku kwa kampuni za simu zijenge minara vijijini. Mwaka 2023 pekee ulisaini mikataba ya minara 758 kwa mkupuo mmoja. Naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini mnara ukisimama, intaneti inaingia kijijini pamoja na kila kitu chake kwa siku moja, na mtu aliyenunua simu janja yake ya kwanza mwaka huu anakabidhiwa ulaghai ambao wenzake wa mjini walikuwa na miaka ishirini ya kuuzoea.

Mjomba alinipokea kwa shikamoo zangu na kicheko chake, nikapewa maji ya kunawa, nikakaa mkekani. Mwenyeji hamwulizi mgeni shida kabla hajala, kwa hiyo tulikula kwanza: bada, kisamvu cha nazi, samaki wa kukausha. Kijana alikuwa amekaa pembeni na simu yake mkononi, Tecno yenye kioo kilichopasuka kona. Ni mtu mwenye akili na subira, amemaliza kidato cha sita, ameomba kazi kila mahali alipoweza. Nilimheshimu kwa jinsi alivyokuwa amejiandaa. Alikuwa ameiweka ile barua tayari, na ameandaa hoja zake.

"Shemeji," akaanza, "ulisema jina ni namba tupu. Namba ndiyo nini? Kitambulisho changu cha NIDA ni namba 20. Serikali ikinidai, inanipa kontroo namba, tarakimu 12. Dukani nalipa kwa Lipa Namba. Mbona hizo hamsemi za kitapeli?"

Ni hoja nzito, na nadhani ndiyo kiini cha jambo zima kwetu. Ulaya au Marekani mtu akiona jina la tarakimu tupu kwenye barua huenda likamkera jicho. Sisi tumefundishwa, tena kwa bidii ya serikali na mabenki, kwamba namba ndiyo uhakika wenyewe. Neno linaweza kukosewa, jina la mtu linaweza kufanana na la mwenzake, ila namba haidanganyi. Kwa hiyo jina la tarakimu nane, machoni pa kijana wa Kurui, lilionekana rasmi kuliko hata jina la kampuni lililokuwa juu yake.

Nikamwambia kwamba tofauti iko kwa anayetoa namba. NIDA haigawi namba ya kitambulisho mpaka imeona alama za vidole vyako. Kontroo namba inatoka kwenye mfumo mmoja wa malipo ya serikali, ina mdaiwa wake na kiasi chake. Jina la kwenye intaneti halina mlango wa namna hiyo. Yeyote mwenye kadi ya benki ananunua, kwa dakika chache, hata saa nane usiku.

Kanuni za majina hayo zina historia yake, na niliisimulia kidogo maana kijana aliitaka. Waraka wa Oktoba 1985 ulioweka utaratibu wa majina ya mashine, wenye namba 952, uliruhusu herufi, tarakimu na kistari, lakini ukasema herufi ya kwanza lazima iwe ya alfabeti. Jina lisingeweza kuanza na tarakimu. Oktoba 1989 ukatoka waraka mwingine, namba 1123, uliohaririwa na Robert Braden, ukalegeza sharti hilo: jina linaweza kuanza na tarakimu, na hivyo linaweza kuwa tarakimu tupu. Kampuni zenye namba mwanzoni mwa majina yao zikapata ruhusa ya kuandika majina yao yalivyo. Hakuna aliyekuwa akiwafikiria matapeli. Masharti mengine yapo hadi leo: kipande kimoja cha jina kisizidi herufi 63, kistari kisikae mwanzo wala mwisho, jina zima lisipite 255 kwa hesabu ya mashine.

Waraka ule uliacha pia jambo moja ambalo mimi naliona ni zawadi kwa msomaji wa kawaida. Kipande cha mwisho kabisa, kile cha kulia, hubaki herufi. Sababu yake ni ya kiufundi: wakati ule kila mashine kwenye intaneti ilikuwa na anwani ya namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na kama mwisho wa jina nao ungeweza kuwa namba, mashine isingejua inaambiwa jina au inaambiwa anwani. Lakini matokeo yake kwa binadamu ni kwamba, hata tarakimu ziwe nyingi kiasi gani, mwishoni kuna herufi za kukuambia uko kwa nani. Macho yaanzie pale.

Jirani mmoja wa mjomba alikuwa ameingia, mtu anayeuza makava ya simu Kariakoo na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Akanikatiza, na nilifurahi aliponikatiza. "Mimi Wachina wangu wote wananiandikia kutoka 163," akasema. "Mzigo unafika. Usituambie namba zote ni wezi."

Ana haki kabisa. 163.com ni ya NetEase, kampuni iliyoanzishwa Guangzhou mwaka 1997, na hiyo 163 ilikuwa namba ambayo Wachina waliipiga kwa simu ya mezani ili kuingia kwenye intaneti zamani zile. Kwa watu ambao lugha yao haiandikwi kwa herufi za Kilatini, tarakimu ni rahisi kukumbuka na kuchapa kuliko neno la Kiingereza. Ndiyo maana shirika la reli la China linauza tiketi kwenye 12306.cn, ambayo pia ni namba yao ya simu, na China Mobile wana 10086.cn kwa mtindo huohuo. Kariakoo nzima inafanya biashara na majina hayo. Zipo programu za kuchuja barua taka, kama SpamAssassin iliyoandikwa na Justin Mason mwaka 2001, ambazo zimewahi kutumia wingi wa tarakimu kwenye anwani kama dalili mojawapo kati ya nyingi. Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu, na mtunza seva anayezuia kila jina la namba atawakata wafanyabiashara wetu na wauzaji wao halali.

Kwa hiyo swali likawa: kama namba si kosa, kwa nini matapeli wanazipenda hivyo?

Bei. Mwaka 2017 wenye mkia wa .xyz, ambao ulikuwa umefunguliwa kwa umma mwaka 2014, walitangaza kuuza majina yote ya tarakimu tupu kuanzia sita hadi tisa, yaani kutoka 000000.xyz mpaka 999999999.xyz, kwa senti 99 za dola kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: majina milioni moja ya tarakimu sita, milioni kumi ya saba, milioni mia ya nane, bilioni moja ya tisa. Jumla ni 1,111,000,000, na wakaliita kundi hilo kwa hesabu hiyohiyo. Lengo walilosema lilikuwa zuri, vifaa na miradi midogo ipate majina ya bei nafuu. Na mkia huo una watu wa heshima ndani yake, maana hata Alphabet, kampuni mama ya Google, imekaa kwenye abc.xyz tangu 2015. Sitaki kuwalaumu kwa barua iliyomfikia shemeji yangu. Ila mtu anayetuma barua taka anahitaji majina mengi ya kutupa. Jina likitumika siku mbili tatu, linaingia kwenye orodha nyeusi za watu kama Spamhaus, ambao wamekuwa wakifanya kazi hiyo tangu 1998, na barua zake hazipiti tena. Analiacha, anachukua jingine. Kubuni maneno yenye maana kwa majina elfu moja ni kazi. Kuhesabu kutoka moja hadi elfu moja mashine inafanya kwa kupepesa jicho. Na jina jipya halina historia mbaya kwa kuwa halina historia yoyote.

Nikaomba simu. Nikamwonyesha kijana pale pa kubonyeza, kimshale kidogo chini ya jina la mtumaji, ili barua ifunue habari zake. Zikatokea tarehe, anwani kamili, kikoa kilichotuma (yaani lile jina la baada ya @), na kikoa kilichotia saini. Vyote viwili vilikuwa zile tarakimu nane.

"Si unaona?" akasema. "Imetiwa saini."

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, mpaka chai ikaletwa mara ya pili. Zamani barua pepe ilikuwa kama bahasha ambayo mtu anaandika nyuma yake jina lolote analotaka. Wataalamu wakaleta utaratibu wa kila kikoa kutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, na wa kutia saini ya siri ambayo mpokeaji anaweza kuihakiki. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamewalazimisha wote wanaotuma kwao barua kwa wingi (kwa Google, kuanzia 5,000 kwa siku) kufuata taratibu hizo. Ni hatua kubwa, na mimi mwenyewe nilishinda kazini nikiwasaidia wateja kuitekeleza. Lakini saini ile inathibitisha jambo moja tu: kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina lile. Tapeli aliyenunua tarakimu zake nane kwa fedha yake ndiye mwenye jina. Ana haki zote za kulitilia saini. Saini yake ni halali, jina ni lake, na barua ni ya uongo.

Kijana alinyamaza. Kisha akauliza, taratibu: "Sasa jina la kampuni pale juu?"

"Lile anaandika mtu yeyote chochote. Ungeweza kuandika Rais."

Tukatafuta kumbukumbu za usajili wa lile jina. Mtandao wa Kurui siku ile ulikuwa wa kusuasua, tukatoka nje tukasimama chini ya mkorosho ambako mistari ya mnara ilizidi. Jina la mwenyewe halikuwepo; tangu Mei 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda data binafsi ilipoanza kutumika, wasajili wengi duniani huficha majina ya wenye vikoa, na sababu ya kuficha ni njema japo matapeli nao wanajikinga humohumo. Lakini tarehe ya usajili haifichwi. Jina lilikuwa limesajiliwa wiki ileile. Kampuni iliyodai kuajiri watu Ghuba kwa miaka mingi ilikuwa na jina lenye umri mdogo kuliko vifaranga waliokuwa wakichakura miguuni petu.

Mjomba, aliyekuwa kimya muda wote, aliinamia ile tarehe, akaisoma kwa sauti, akamgeukia kijana wa bodaboda aliyekuwa bado anazungukazunguka uani. "Mwambie yule wa mbuzi asije."

Ningeweza kurudi jioni ile, lakini habari ilikuwa imeshatoka. Baada ya swala ya alasiri barazani pakajaa. Nilitegemea vijana, wakaja na kina mama wenye simu za tochi, na mzee mmoja aliyefungua kitambaa akatoa karatasi alizoandikia kila namba iliyowahi kumwomba pesa. Alikuwa na kumbukumbu safi kuliko ofisi nyingi nilizowahi kuingia. Tarehe, namba, jina walilojitaja, kisa walichotoa. Mmoja alijifanya mganga, mwingine mwalimu wa mjukuu wake aliyesema mtoto ameanguka shuleni. Alikuwa hajui apeleke wapi. Nikamwambia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana namba 15040 kwa ajili hiyo: unatuma neno UTAPELI, kisha unafuata maelekezo na kutaja namba ya aliyekusumbua. Tukaituma ya kwanza pamoja, akaanza kuzishughulikia nyingine taratibu kwa mpangilio wake.

Mama mmoja akauliza swali ambalo nililisubiri: "Na hiyo 15040 nayo si namba tu? Tutajuaje kama si yao wenyewe?" Namba fupi za namna hiyo hazinunuliwi mtandaoni saa nane usiku, TCRA ndiyo inayozigawa, na mtu akijitangazia yake hapati kitu kwenye mitandao ya simu. Ni kama ile 100, ambayo kampuni zote za simu zinaitumia kuwapigia wateja, ili namba nyingine yoyote ikijidai ni huduma kwa wateja ujue si wao. Na kama bado una shaka, fungua tovuti ya TCRA mwenyewe, kwa kuichapa, uone imeandikwaje. Mwisho wake ni go.tz.

Nikajikuta nimerudi kwenye mikia. Niliwaeleza kwamba herufi tz tulipewa kwa kufuata orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi, kama Jon Postel alivyoeleza kwenye waraka wake wa Machi 1994, na zimekuwemo kwenye daftari la mzizi tangu 1995. Kwa miaka mingi zilisimamiwa na tzNIC, taasisi iliyoundwa na TCRA pamoja na umoja wa watoa huduma za intaneti. Ndani yake kuna mafungu: go.tz ya serikali, ac.tz ya vyuo, sc.tz ya shule, co.tz ya biashara, or.tz ya asasi. Kuingia go.tz lazima uwe taasisi ya umma. Mtu wa mtaani hawezi kuipata kwa senti 99 wala kwa dola elfu. Nililisisitiza hilo kwa sababu matapeli hupenda kuiweka go katikati ya jina, pamoja na vistari, ili jicho linaloanzia kushoto liridhike kabla halijafika mwisho.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza ujumbe usioombwa wa namna hii, kwenye kifungu cha 20, na ni vizuri ipo. Ila mwenye zile tarakimu nane huenda hajawahi kukanyaga Tanzania. Kwa mkulima wa korosho wa Kurui ulinzi ulio karibu zaidi ni kujua pa kuanzia kusoma, na unaweza kufundishwa kwa alasiri moja bila umeme wala projekta. Ningependa kila shule ya sekondari ya wilaya ile iwe na somo hilo kwenye ratiba.

Watu walipoanza kutawanyika, binti mmoja aliyekuwa amekaa nyuma ya mama yake akanisogelea na simu. Alisema ana barua aliyoipata wiki iliyopita akaogopa kuifungua, kwa kuwa kaka zake walimwambia kila barua inayozungumzia fedha ni ya wezi. Ilihusu maombi yake ya mkopo wa elimu ya juu. Nikamwachia aisome mwenyewe anwani ya mtumaji, kwa sauti, akianzia kulia. Tz. Go. Heslb. Tukabonyeza kimshale: saini nayo ilikuwa ya heslb.go.tz. Hata hivyo hatukugusa kiungo kilichomo. Aliandika anwani ya Bodi ya Mikopo yeye mwenyewe, akaingia kwenye akaunti yake, na kule ndani akakuta ujumbe uleule. Fomu yake ilikosa muhuri wa serikali ya kijiji kwenye ukurasa mmoja, na dirisha la marekebisho lilikuwa bado wazi.

Mama yake akauliza mtendaji wa kijiji yuko wapi saa hizi. Mtu akajibu kwamba alionekana akielekea nyumbani, na kijana wa bodaboda akawasha pikipiki.